Baiskeli ya Buluu Niliyomnunulia Lusajo

Rujewa, Jumamosi alasiri

Mwanangu Sekela,

Salamu nitazifupisha, maana tunaishi nyumba moja na asubuhi umeniona mzima nikipepeta mchele. Umekwenda Ubaruku kumuaga shangazi yako, na namjua shangazi yako, hatakuachilia kabla jua halijalegea. Nimekaa kitandani kwako na daftari langu la kisomo. Utavumilia mwandiko. Mwalimu wetu wa watu wazima alikuwa akisema herufi zangu zinalala kama mpunga uliopigwa na mvua, na watu walicheka, nami nilicheka, lakini sikuacha kwenda darasani hata siku moja. Kulikuwa na jambo nililotaka kuliandika mwenyewe. Sikutaka kumwambia mtu aniandikie.

Sitakuandikia habari za sweta, wala kuchemsha maji, wala kanisa. Hayo umeyasikia tangu Jumatatu mpaka umechoka. Nataka kukuandikia habari ya baiskeli.

Juzi tulipokuwa tunakunja nguo zako ulisema zahanati unayokwenda kufanya kazi ina vijiji vitano vya kuzungukia, vyote mlimani kule Uporoto, na gari hakuna. Mganga wa huko amekuandikia kwamba ukiweza ununue baiskeli utakapopita Mbeya mjini. Mimi nikanyamaza. Ukadhani naogopa. Ukanishika bega, ukasema, "Usiwe na wasiwasi, mama. Mimi sitaendesha kwa fujo kama Lusajo."

Sekela, kaka yako hakuendesha kwa fujo. Maneno hayo yamezunguka katika mji huu miaka saba, na aliyeyaanzisha ni mimi mama yake. Wewe uliyachukua kwangu. Sitaki uondoke nayo.

Nianze mbali kidogo. Baba yenu alipokwenda Mafinga kwenye mashine za mbao alisema anakwenda kwa miezi sita. Wewe ulikuwa unatambaa. Miezi sita ikawa mwaka, mwaka wa pili tukasikia ana nyumba nyingine huko, na yule mama ana mtoto wa kiume aliyemkaribia Lusajo kwa umri. Mimi sikulia mbele yenu. Nililima majaruba yangu, nikauza mpunga, nikawasomesha. Nilijiambia kwamba hakuna kitu watakachokosa watoto wangu mpaka wakitafute Mafinga.

Lusajo alipomaliza kidato cha nne aliomba aende akamsalimie baba yake. Alikaa wiki mbili. Aliporudi alikuwa kimya kwa siku mbili, anakula kidogo, anakata kuni hata zile zisizohitajika. Siku ya tatu akaniambia tukiwa tunafukuza ndege shambani, bila kunitazama, "Mama, baba amemnunulia yule kijana baiskeli. Ya buluu. Ina gia."

"Na wewe amekupa nini?"

"Amenipa nauli."

Lusajo hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini mimi kitu kiliniingia rohoni siku ile kikakaa, na mpaka mavuno yalipofika nilikuwa nimeshaamua. Nikauza mpunga wote isipokuwa wa kula, nikapanda lori la mchele kwenda Mbeya.

Pale karibu na soko alikuwapo fundi mmoja, Mzee Salumu, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma, watu wa kwao ni wa pwani lakini yeye amezaliwa Mbeya. Alikuwa akitengeneza baiskeli na kuuza zilizotumika. Siku ile alikuwa na mbili. Moja nyeusi, nzito, rangi imechubuka, tandiko limepasuka na kushonwa upya, breki za vyuma vile virefu, keria nyuma pana kama kitanda cha mtoto. Nyingine ilikuwa ya buluu. Sekela, ilikuwa inang'aa mpaka nikaona uso wangu. Ilikuwa na gia tatu na taa ya mbele inayowaka kwa dinamo. Fundi alisema imeachwa na karani mmoja wa kambi ya reli aliyehamishwa, amemwomba amuuzie. Na bei yake ilikuwa karibu sawa na ile nyeusi. Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini.

Mzee Salumu hakungoja nijiulize. Aliniuliza yeye, "Mama, unamnunulia nani?"

"Mwanangu wa kiume. Ana miaka kumi na saba."

"Ataiendesha wapi?"

"Kwetu Rujewa."

Akaipindua ile ya buluu, magurudumu juu. Akanionyesha ule uma unaoshika gurudumu la mbele, pale unapoingia shingoni. "Lete kidole chako, mama. Pitisha kucha hapa."

Nikapitisha. Kucha ikakwama kwenye kitu kilichoinuka, kama kovu chini ya ngozi.

"Uma huu ulivunjika, ukachomelewa, kisha wakapaka rangi juu," alisema. "Mimi siwezi kumficha mtu. Kwa nchi tambarare kama kwenu inaweza kukaa miaka. Lakini mlimani, mtu akiwa kwenye mteremko akashika breki ya mbele, uzito wote unakuja kusimama hapa hapa. Chukua nyeusi. Haina urembo, lakini ukiipakia gunia haitakugeuka."

Nikaitazama nyeusi. Nikamwona Lusajo anaipokea, anasema asante mama, anaisukuma nyumba kwa nyumba, na watu wanajua ni baiskeli ya mtoto aliyeachwa na baba. Nikamuuliza fundi, "Hiyo ya buluu, taa yake inawaka?"

Akazungusha gurudumu, taa ikawaka. "Inawaka. Mama, nimekueleza."

"Umenieleza, fundi."

Nikachukua ya buluu.

Ile furaha unaikumbuka, maana ulikuwa na miaka kumi na mmoja na ulikuwa wa kwanza kupakizwa kwenye keria. Mlizunguka mpaka mashine ya kukoboa mkarudi mmejaa vumbi, wewe unapiga kelele, Lusajo anacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu arudi Mafinga. Kila Jumapili baada ya ibada aliifuta kwa kitambaa. Nami sitakuficha kilichokuwa kitamu kuliko vyote. Dereva mmoja wa malori ya mbao alipita hapa, akaiona, akasema, "Mama Lusajo, kijana wako ana chombo kizuri kuliko cha nduguye wa Mafinga." Nikajua habari itamfikia baba yenu kabla ya Ijumaa. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Kuhusu lile kovu la chuma nilijiambia kwamba Rujewa ni tambarare kama sinia. Na kweli mwaka mzima haikutokea kitu.

Kisha Lusajo akapata kazi ya kupima pareto kule juu Uporoto. Nilifurahi, halafu moyo ukashuka siku hiyo hiyo. Mimi nilizaliwa Rungwe, Sekela. Nimeteremka vilima vile na mikungu ya ndizi kichwani tangu nina umri wa miaka saba, najua njia inavyokuvuta magoti. Hakuna aliyehitaji kunieleza mteremko ni nini.

Tulikuwa na siku tisa kabla hajaondoka. Kila siku nilisema nitamwambia leo. Nikimwambia, nitakuwa namwambia kwamba nilimpa kitu kibovu huku najua. Nitakuwa namnyang'anya kile kitu kimoja kilichomwondolea aibu. Tena bila baiskeli asingeweza ile kazi, na fedha ya kununua nyingine sikuwa nayo mpaka mavuno. Basi nikapanga moyoni: aende, atembee nayo miezi michache, nikivuna nakwenda kwa Mzee Salumu, nachukua nyeusi, nampelekea mwenyewe, nitatafuta cha kusema. Mpango huo ulinipa usingizi. Nataka ujue kwamba nililala vizuri.

Asubuhi ya kuondoka tulimsindikiza sote watatu, wewe, mimi na shangazi yako, mpaka barabara kuu. Utingo alipokuwa anaifunga baiskeli juu ya lori, Lusajo akanipigia kelele kutoka huko juu, "Mama, sasa gia zitapata kazi yake!" Nikafungua mdomo. Nikasema, "Uendeshe polepole."

"Nitaendesha polepole, mama."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho.

Ulipokuja ule ujumbe wa msiba, mwezi wa nne tangu aondoke, wewe ulibaki kwa shangazi yako, mimi nikaenda na wanaume wawili wa hapa jirani kumchukua. Tulifika mahali penyewe. Njia inateremka kati ya mashamba ya viazi, ukungu umelala chini bondeni. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa analima pale siku ile, ameyaona yote. Alinisalimu kwa Kinyakyusa, lugha ya kwetu Rungwe, nikamwitikia, akanishika mikono yote miwili akanieleza. Alisema, "Mwanao alikuwa anateremka taratibu. Ng'ombe wakakatiza njia. Akashika breki kama mtu anavyotakiwa kushika. Nikasikia kitu kimelia kama kuni kavu, gurudumu likaenda peke yake, na yeye akaenda kichwa mbele kwenye mawe."

Kati yetu tuliotoka Rujewa ni mimi peke yangu niliyeelewa maneno yake. Wale wanaume wawili waliniuliza, "Bibi anasemaje?" Nikasema, "Anatupa pole."

Tazama jinsi ilivyokuwa rahisi.

Baba yenu alikuja kesho yake na mbao za msindano begani. Alilitengeneza jeneza mwenyewe hapo uani, hakutaka mtu amsaidie. Unakumbuka alivyokuwa anapima, anafuta jasho, anapima tena. Alipomaliza kupiga randa alikuja akachuchumaa mbele yangu, watu wamejaa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ile baiskeli ilikuwa nzima?"

Nilimwona usoni. Alikuwa mtu aliyekuwa tayari kupokea jibu lolote. Kama ningesema siku ile, nadhani tungelia pamoja. Nikasema, "Ilikuwa nzima. Nilimwambia aendeshe polepole."

Basi ikaisha. Baba yenu akatikisa kichwa, akasema, "Vijana." Mmoja akampa mwenzake neno hilo, na jioni yake kila aliyekuwa matangani alijua kwamba mama alimkanya na mtoto hakusikia. Mchungaji kaburini akawaasa vijana waache pupa. Yale maneno mawili niliyomwambia badala ya ukweli yakageuka ushahidi dhidi yake, na yeye yuko ndani ya sanduku hawezi kujitetea.

Na wewe ulikuwa umesimama pembeni yangu, umeshika kanga yangu. Wiki ile uliitoa picha yake ukutani. Nilipokuuliza ulisema, "Kama angekusikia angekuwepo." Ulikuwa na hasira na marehemu, mtoto mdogo namna ile, na mimi nilikuona na nikaenda jikoni kuchochea moto. Umekaa na hasira hiyo mpaka umekuwa mtu mzima. Shangazi yako huwa anasema una moyo mgumu kwa kaka yako. Moyo wako hauna kosa. Uliambiwa uongo na mtu unayemwamini.

Mwaka uliofuata nilikwenda Mbeya kuuza mchele, nikapita kwa Mzee Salumu. Alikuwa amesikia. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Pole, Mama Lusajo." Kisha akakaa akaendelea kunyoosha gurudumu, spoki moja baada ya nyingine, macho chini. Nilisimama pale muda mrefu nikingoja aseme, "Nilikwambia." Hakusema. Ningependa angesema.

Sasa wewe unakwenda kununua baiskeli yako ya kwanza, kwa fedha kidogo ulizoweka ulipokuwa chuoni. Siwezi kukukataza. Akina mama wa vijiji hivyo vitano wakishikwa na uchungu hawatangoja uje kwa miguu. Ila nataka ununue kama mtu aliyeelezwa, si kama mimi.

Usinunue siku ya kwanza. Ukifika Mbeya, kwanza panda lori mpaka kwenye zahanati yako, uitembee njia kwa miguu, kijiji hadi kijiji, uone mahali penye mawe, mahali panapoteleza, mteremko ulio mrefu kuliko yote. Halafu ndipo ushuke mjini ukatafute. Mimi nilichagua baiskeli kabla ya kujua njia itakayopita, na mpaka leo naona hilo lilikuwa kosa la kwanza, kabla hata ya rangi.

Nenda kwa Mzee Salumu. Yuko pale pale. Macho yamepungua lakini vidole vyake vinaona. Mwambie wewe ni mdogo wake Lusajo, usione haya. Yeye akikueleza ubovu wa kitu, amini, hata kama roho yako imeshakipenda. Hasa kama imeshakipenda. Nawe mwenyewe uipindue baiskeli, uangalie chini ya shingo na kila bomba linapoungana na lingine, upitishe kucha. Rangi mpya mahali pamoja, na ya zamani kwingine kote, uiulize imekuja kufanya nini. Shika breki ya mbele kwa nguvu, uisukume, ikinesa, iache. Simama juu yake miguu yote miwili ikanyage chini, usichukue ndefu ya kiume kwa sababu ni ya bei nafuu, maana utakuwa unashuka na kupanda na gauni na sanduku la dawa. Gia kama zipo nzima ni vizuri kwa mlima, sikatai. Lakini kama fedha inatosha gia au breki, na wewe unasitasita, ukumbuke kwamba kwenye kupanda unaweza kushuka ukasukuma. Kwenye kuteremka huna njia nyingine.

Na kama baada ya yote hayo fedha haitoshi kununua nzima, tembea kwa miguu mwaka mmoja. Watu watasema muuguzi gani huyu. Waache waseme.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku lako, chini ya mashuka, uikute ukishafika mbali. Nilipofika hapa katika kuandika nimeona huo ni ujanja wangu ule ule wa kungoja mtu apande lori. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, ukishakula. Nitakaa nje kwenye kigogo wakati unasoma. Unaweza kuja kuniuliza lolote nitakujibu. Unaweza pia usije. Hata ukiamua kesho usinisalimie, sanduku lako nitakubebea mpaka barabarani, hilo tu naomba unikubalie.

Basi lako la Mbeya linapita asubuhi. Ukishapanda mimi nitavuka upande wa pili wa barabara kungoja la Iringa. Nguo moja ya kubadili nimeshaifunga kwenye kanga, na kuku nimemwachia jirani. Nitashuka Mafinga. Sijawahi kukanyaga pale, lakini nitauliza zilipo mashine za mbao, nimkute baba yenu kazini, wenzake wakiwapo. Nilisema uongo mbele za watu, na hili pia nataka nilisemee mbele za watu. Nitamwambia kwamba mtoto wake aliteremka taratibu. Sijui atafanya nini. Anaweza kunifukuza, na sitakuwa na la kumlaumu.

Nimechoka mkono. Nasikia sauti yako njiani, unamsalimia jirani, anakutania kuhusu baridi ya Uporoto na wewe unacheka. Unaingia uani. Naiacha hapa, nakuja kukupakulia chakula.

Mimi mama yako,
Tupokigwe